Kugawa faili za Drive bila kupoteza udhibiti: mwongozo kwa makatibu wa vikundi

Vikundi vingi vya Lubumbashi, iwe likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) ya akina mama wa sokoni, kwaya ya parokia, kamati ya wazazi wa shule au umoja wa ukoo, siku hizi vina makaratasi yake kwenye Google Drive, ghala la faili la mtandaoni. Daftari la michango limo humo, PV (kumbukumbu) za mikutano zimo, na mara nyingi zimo pia picha za kadi za mpiga kura za wanachama wote, kwa kuwa kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Katibu alifungua folda, akatengeneza linki, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp, na kazi ikaenda. Shida huja baadaye. Mweka hazina amebadilishwa, mwanachama mmoja ameondoka kwa ugomvi, simu ya katibu imeibiwa kwenye basi la Katuba, na hakuna anayeweza kujibu swali dogo: leo hii, ni nani hasa anaweza kufungua folda ile?

Lengo la mwongozo huu ni kwamba uweze kulijibu swali hilo kwa majina, bila kukisia. Nimetumia Google Drive kwa sababu huja na karibu kila simu ya Android inayouzwa mjini. Huduma nyingine za namna hiyo, Dropbox, OneDrive na MEGA, nitazigusa mwishoni. Na kwa kuwa simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, vitufe nitavitaja kwa Kifaransa, jinsi vinavyoonekana kwenye skrini. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine.

Kabla ya yote: panga folda kufuatana na watu

Makatibu wengi hupanga folda kwa miaka: 2023, 2024, 2025, na ndani ya kila mwaka wanachanganya PV, risiti na vitambulisho. Kwa macho ni nadhifu. Kwa upande wa ruhusa ni balaa, kwa sababu Drive hurithisha: ukimpa mtu ruhusa kwenye folda ya juu, anapata kila kilichomo ndani yake, hata kile utakachoweka humo mwezi ujao ukiwa umeshasahau kwamba naye yumo.

Kwa hiyo anza na swali la nani anapaswa kuona nini, kisha kila jibu lipate folda yake. Kwa likelemba ya kawaida, nne zinatosha:

- Wanachama: kanuni za kikundi, ratiba ya zamu, PV zilizokwisha kupitishwa.
- Kamati: rasimu, barua, ajenda.
- Hesabu: daftari la michango, risiti, picha za ujumbe wa M-Pesa na Airtel Money.
- Vitambulisho: picha za kadi, namba za simu, majina ya warithi.

Ziweke ubavu kwa ubavu. Ukiiweka Hesabu ndani ya Wanachama, kila mwanachama atakuwa anasoma risiti zako. Miaka unaweza kuipanga ndani ya kila folda. Hapo haina madhara.

Hiyo folda ya Vitambulisho inahitaji neno la ziada. Kadi ya mpiga kura ina jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anuani na picha ya uso, yaani karibu kila kitu ambacho tapeli anahitaji ili ajifanye wewe. Sheria ya Kongo, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inayoitwa Code du numérique, ina vifungu juu ya ulinzi wa data za watu binafsi, na kikundi kinachokusanya kadi za watu hakipaswi kujiona kiko nje ya jambo hilo. Mimi ningeuliza kwanza kama picha hizo zinahitajika kabisa. Mara nyingi kamati ilitaka tu kuhakikisha kwamba mtu ni yeye. Ukishaiona kadi na kuandika "imehakikiwa" mbele ya jina lake, ifute picha. Kama benki au mradi fulani umedai nakala, zikusanye, zikabidhi, kisha zifute nazo.

Hatua ya 1: Folda iwe mali ya kikundi

Kwenye Drive, kila faili ina mwenyewe mmoja tu, "Propriétaire". Huyo ndiye anayeweza kuifuta kabisa, na akaunti yake ikifungwa, faili inaondoka nayo. Folda ya kikundi ikiwa kwenye Gmail binafsi ya katibu, basi kikundi kinaishi kwa hisani ya katibu.

Fungua akaunti ya Gmail ya kikundi chenyewe. Ni bure, na ina nafasi ya GB 15 zinazogawanywa kati ya Drive, Gmail na picha. Folda zote nne zizaliwe ndani ya akaunti hiyo. Halafu, na hapa ndipo wengi huteleza, msifanye kazi za kila siku mkiwa ndani yake. Kila mmoja afanye kazi kwa Gmail yake mwenyewe, baada ya kualikwa. Akaunti ya kikundi ifunguliwe pale tu inapobidi kuongeza mtu, kutoa mtu au kukagua. Mkiitumia watu watano kwa nenosiri moja, historia ya mabadiliko itaonyesha jina moja kwa kila jambo, na siku hesabu zitakapogongana hamtajua nani aliandika nini.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri anayeingia anaombwa uthibitisho wa pili, kama msimbo. Google itakupa misimbo 10 ya akiba. Ichapishe kwenye karatasi, iweke pamoja na nenosiri ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae kwa mtu asiyetumia akaunti hiyo, kwa mfano mshauri wa kikundi. Msitegemee namba ya simu peke yake. Namba isiyowekwa unité (salio) kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na baadaye inaweza kuuzwa kwa mteja mwingine. Ikiwa ndiyo namba ya kurudishia akaunti, mgeni huyo ndiye atakayekuwa anapokea misimbo yenu.

Google ina sheria ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Kwa hiyo ingieni humo walau kila mkutano mkuu. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna pia "Gestionnaire de compte inactif": unachagua muda wa kimya, miezi 3, 6, 12 au 18, na hadi watu 10 watakaojulishwa na kukabidhiwa data. Dakika chache zinatosha, na inafaa hata kwa akaunti yako binafsi.

Jambo moja linalowashangaza wengi: mtu akipandisha faili kwenye folda yenu akitumia Gmail yake, folda ni ya kikundi lakini faili ile ni yake. Inakula nafasi yake, na akiifuta, inatoweka kwenu. Nitarudi hapo kwenye hatua ya mtu kuondoka, maana ndipo inapouma.

Hatua ya 2: Amua cheo cha kila mtu kwenye folda

Kuna vyeo vitatu vya kugawa. "Lecteur" anasoma tu. "Commentateur" anasoma na kuandika maoni pembeni bila kugusa maandishi. "Éditeur" anaandika, anafuta, anapandisha faili na, usipomzuia, anaalika wengine.

Kanuni yangu ni fupi: asiyeandika hahitaji kalamu. Wanachama wote ni Lecteur kwenye folda ya Wanachama. Mkaguzi wa hesabu ni Commentateur kwenye Hesabu, ili aulize maswali yake kwenye mstari wenyewe. Katibu na mweka hazina ni Éditeur, kila mmoja kwenye folda ya kazi yake.

Ugumu utaupata kwa Papa Rais au Mama Rais. Atauliza kwa nini yeye, mkubwa wa kikundi, awe Lecteur kwenye Hesabu wakati kijana wa juzi ni Éditeur. Usimjibu kwa maneno ya kompyuta. Mwambie kwamba akiwa Lecteur, hakuna siku mtu atasema kuwa rais aliingia usiku akabadilisha tarakimu. Cheo hicho kinamlinda yeye kwanza. Wazee wengi wanaelewa hapo hapo, na wengine huomba wenyewe waondolewe uandishi.

Hatua ya 3: Alika kwa jina

Ingia kwenye akaunti ya kikundi, bonyeza nukta tatu kando ya folda, kisha "Partager". Andika Gmail ya mtu, chagua cheo chake kwanza, kisha tuma. Ukituma kabla ya kuangalia cheo, mara nyingi mtu anaingia kama Éditeur kwa kuwa ndicho kinachopendekezwa. Baada ya hapo shuka chini hadi "Accès général" na uhakikishe pameandikwa "Limité". Maana yake ni kwamba walioorodheshwa tu ndio wanaofungua; linki ikimfikia mtu mwingine, ataona ukurasa wa kuomba ruhusa na si zaidi.

Kisha fungua kompyuta, hata ya kuazima, kwa kuwa kuna vijisanduku viwili vinavyoonekana vizuri zaidi huko. Ndani ya dirisha la "Partager" bonyeza alama ya gurudumu la meno. Kijisanduku cha kwanza kinawaruhusu waandishi kubadilisha ruhusa na kualika wengine: kitoe alama. Bila kufanya hivyo, orodha yako ya majina inaweza kukua bila wewe kujua. Cha pili kinawaruhusu wasomaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Hiki ni cha faili moja moja, kwa hiyo kwenye kila faili ya Hesabu kitoe pia, ingawa usidanganyike nacho, maana mtu anaweza kupiga picha ya skrini. Kinapunguza nakala zinazozagaa, hakimzuii aliyeazimia.

Sasa, Gmail ya mtu utaipataje? Ukimuuliza mama wa sokoni atakuambia hana. Anayo, kwa sababu simu yake ya Android inatumia Play Store. Mwombe afungue Play Store, abonyeze duara lenye picha au herufi juu kulia, na akusomee kilichoandikwa. Lakini uliza swali la pili: nani alifungua akaunti hii? Watu wengi walifunguliwa na kijana aliyewauzia simu, na nenosiri analijua yeye, au aliliandika kwenye daftari la dukani. Ukialika akaunti ya namna hiyo, unaweza kuwa umemwalika muuza simu. Kaa na mama, badilisheni nenosiri pamoja, weka namba yake mwenyewe ya kurudishia akaunti, ndipo umwalike. Inachosha, najua, hasa kikundi kikiwa na watu 30. Fanya hivyo kwa kamati kwanza. Wanachama wa kawaida wanaosoma kanuni tu wanaweza kusubiri.

Ukishawaalika wote, tuma ujumbe mmoja kwenye kundi ili pasiwe na minong'ono:

"Jambo Mama na Papa wote. Folda ya kikundi imehamia kwenye akaunti ya kikundi. Kila mmoja ameingizwa kwa Gmail yake. Linki ya zamani itafungwa Jumamosi. Asiyeweza kufungua aniandikie mimi katibu, asiombe linki kwa mwenzake."

Hatua ya 4: Linki ya wazi, lini inafaa

Ukibadilisha "Accès général" kutoka "Limité" kwenda kwa yeyote mwenye linki, hakuna tena orodha ya majina. Anayeipata anafungua, hata bila akaunti. Kwenye Google Docs utaona wageni hao juu ya ukurasa wamevishwa majina ya wanyama wasiojulikana. Inachekesha mpaka utakapowakuta watatu wakisoma daftari la michango saa sita usiku.

Kwa tangazo la misa, ratiba ya mazoezi ya kwaya au kanuni ambazo ungezibandika ukutani, linki ya wazi ni sawa kabisa, ilimradi iwe ya Lecteur. Kwa Hesabu na Vitambulisho, kamwe, hata kwa siku moja, hata "kwa haraka tu".

Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye skrini. Kwenye Drive, linki ya faili haibadiliki. Ukiifunga leo na kuifungua tena baada ya miezi sita, ni linki ile ile, na kila aliyeipata zamani, pamoja na aliyetolewa kwenye kundi la WhatsApp, anaingia tena. Ni sawa na kufunga geti la parseli (kiwanja cha nyumba) na kesho yake kufungua kwa kufuli lile lile: mpangaji aliyehama bado ana ufunguo wake. Ukitaka linki mpya kweli, tengeneza nakala ya faili kwa "Créer une copie", gawa linki ya nakala, na faili ya zamani ibaki "Limité" au ifutwe.

Usisahau pia kwamba ujumbe wa WhatsApp hubaki kwenye simu ya aliyeondoka kundini. Kumtoa kundini hakumtoi kwenye folda. Hizo ni kazi mbili.

Hatua ya 5: Kwenye duka la fotokopi

Mahali ambapo faili nyingi huvuja Lubumbashi hapana uhusiano wowote na wadukuzi. Ni mezani pa kijana wa fotokopi. Unafika na haraka, unaingiza Gmail yako kwenye kompyuta yake, unachapisha, unalipa, umeme unakatika, unaondoka. Umeme ukirudi, akaunti yako bado iko wazi.

Usiingize kabisa akaunti ya kikundi kwenye kompyuta ya watu. Nyumbani, geuza hati kuwa PDF na utume PDF hiyo peke yake kwa WhatsApp ya duka. Ikichapishwa, omba kwa upole iondolewe kwenye folda ya "Téléchargements" na kwenye kapu la taka la kompyuta, na uangalie ikifanyika. Vijana wengi hawakasiriki wakiombwa vizuri. Ikibidi kuingia kwenye akaunti yako, tumia dirisha la siri, "navigation privée", kataa kuhifadhi nenosiri, na funga madirisha yote kabla ya kuondoka. Kama umeme ulikatika kabla hujamaliza, fungua simu yako, nenda kwenye myaccount.google.com, sehemu ya "Sécurité", kisha "Vos appareils", na uiondoe kompyuta ile.

Hatua ya 6: Mtu anapoondoka kikundini

Hapa nenda taratibu. Hata anayeondoka kwa amani anaweza kuacha tundu, na anayeondoka kwa hasira anaweza kuacha folda tupu.

Kwanza, kabla hujatoa jina lake popote, tafuta faili zinazomilikiwa naye. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive andika owner: ikifuatiwa na Gmail yake, bila nafasi katikati. Kila itakayojitokeza ni faili anayoweza kuifuta kwa kidole kimoja. Njia nzuri ni yeye mwenyewe kuzihamishia kwenye akaunti ya kikundi: kwenye kompyuta afungue "Partager", achague jina la akaunti ya kikundi, kisha "Transférer la propriété". Haimalizikii hapo. Akaunti ya kikundi inapokea ujumbe na lazima ikubali; kabla ya kukubali, faili bado ni yake. Na kuhamisha folda hakuhamishi faili zilizomo ndani, hivyo zipitie moja moja. Ikiwa hamzungumzi tena, ingia kwa akaunti ya kikundi na ufanye "Créer une copie" ya kila faili yake. Nakala inakuwa mali ya kikundi. Fanya hivyo siku ugomvi unapoanza kunuka, usisubiri mkutano wa upatanishi.

Pili, tafuta kila alichopewa. Andika to: na Gmail yake. Utashangaa. Mbali na folda ya Kamati, pengine kuna jedwali moja alilopewa peke yake miaka miwili iliyopita, na ruhusa ya faili moja haiondoki kwa kumtoa kwenye folda. Mtoe kila mahali jina lake linapoonekana.

Tatu, angalia "Accès général" ya folda zote. Ukimtoa mtu kwa jina huku linki ikiwa wazi, hujamtoa.

Nne, kama alikuwa anajua nenosiri la akaunti ya kikundi, libadilishe, tengeneza misimbo mipya ya akiba (ya zamani hufa hapo hapo), na ukague namba na imeli za kurudishia akaunti. Vikundi vingi hubadilisha nenosiri na kuacha namba ya katibu wa zamani kwenye urejeshaji, naye anaweza kurudi siku yoyote anayotaka.

Tano, mwandikie. Kumfungia mtu mzima mlango bila neno ni aibu, na huzaa maneno mjini. Kitu kama hiki kinatosha:

"Jambo Mama. Tunakushukuru kwa kazi ya hesabu. Kwa kuwa makabidhiano yamekwisha, Ijumaa jioni nitatoa jina lako kwenye folda ya Hesabu na ya Kamati. Kama kuna karatasi yako binafsi humo, uichukue kabla. Kwenye folda ya Wanachama unabaki kama kawaida."

Ukweli mmoja haukwepeki: alichokwisha kupakua kimeondoka naye. Hakuna kitufe cha kukirudisha. Ndiyo maana ile kazi ya folda nne mwanzoni ina uzito kuliko kitufe chochote cha mwishoni.

Hatua ya 7: Simu imeibiwa

Haraka ni bora kuliko ukamilifu. Azima simu ya mtu unayemwamini, fungua brauza kwa dirisha la siri, ingia kwenye akaunti yako. Ikikuomba msimbo unaotumwa kwenye namba iliyoibiwa, tumia mmoja wa misimbo ya akiba ya akaunti yako mwenyewe, inayotengenezwa kama ile ya kikundi kwenye Hatua ya 1. Ndiyo maana karatasi ya misimbo haipaswi kukaa nyuma ya kava la simu. Nenda kwanza android.com/find uifunge au uifute kwa mbali, kisha ondoa simu ile kwenye "Vos appareils" na ubadilishe nenosiri. Baada ya hapo ndipo uende kwenye ofisi ya kampuni ya simu kurudisha namba na kulinda pesa zilizomo.

Mjulishe pia mwenye akaunti ya kikundi ili akutoe kwa muda kwenye Hesabu. Kukurudisha ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 8: Linda daftari lenyewe

Ruhusa nzuri haizuii kidole kizito. Kwenye Google Sheets, nenda "Données", kisha "Protéger des feuilles et des plages", na uifunge miezi iliyokwisha kukaguliwa ili mweka hazina peke yake aweze kuigusa. Mwezi unaoendelea uache wazi.

Tuseme kwenye kikao cha Agosti mama mmoja anadai alilipa falanga 50.000 mwezi wa sita, na daftari linasema 5.000. Bonyeza kulia kwenye kisanduku kile, chagua kuonyesha historia ya mabadiliko. Utaona kiasi cha kwanza kilichoandikwa, nani alikibadilisha na lini. Mara nyingi ni sifuri iliyoanguka mtu akisahihisha kwa simu ndani ya basi. Swali linaisha pale pale, bila kumshuku mtu. Lakini inafanya kazi vizuri tu kama kila mmoja anaandika kwa Gmail yake.

Faili iliyofutwa hukaa kwenye "Corbeille" siku 30, kisha hupotea. Faili zisizo za Google, kama Word au PDF zilizopandishwa, huweka matoleo ya zamani kwa siku 30 au hadi matoleo 100. Kwa hiyo makosa ya mwezi wa kwanza usiyagundue mwezi wa nne. Kila baada ya miezi mitatu pakua nakala ya Hesabu na uiweke kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine.

Kwa vitambulisho vinavyobidi kubaki, vifunge ndani ya faili ya zip yenye nenosiri kwa programu ya bure ya 7-Zip, ukichagua usimbaji wa AES-256 (njia ya kuifanya faili isisomeke bila nenosiri), kisha uipandishe hiyo. Nenosiri litoe kwa sauti, kwa simu. Usiliandike kwenye WhatsApp ile ile uliyotumia kutuma faili.

Mialiko ya uongo

Utapata imeli inayosema mtu fulani amekugawia hati, pengine "facture" au "liste des bénéficiaires". Nyingine hutumwa kupitia Drive yenyewe, hivyo anuani ya mtumaji haitoshi kukuhakikishia. Usibonyeze ndani ya imeli. Fungua Drive na uangalie "Partagés avec moi". Humfahamu aliyetuma? Nukta tatu, kisha umzuie. Na popote ukurasa unapokuomba nenosiri la Google, soma anuani juu: lazima iwe accounts.google.com, neno kwa neno.

Kuokoa mega za intaneti

Kwenye mipangilio ya programu ya Drive washa kupandisha faili kwa Wi-Fi tu, la sivyo picha za mkutano mmoja zitamaliza forfait yako ya intaneti. Daftari la michango na ratiba viwekee alama ya "Disponible hors connexion" kabla ya kwenda mkutanoni. Mnaweza kusoma bila mtandao, na mnachoandika kwenye Sheets kitaingia mtandao utakaporudi. Angalizo: faili iliyowekwa hivyo inakaa kwenye simu, kwa hiyo simu iwe na msimbo wa kufungia skrini.

Kama hamtumii Drive

Mantiki ni ile ile, vitufe ni vingine. Dropbox ya bure ina GB 2 tu, lakini ina faida moja: ukifuta linki na kutengeneza nyingine, ya zamani inakufa kweli. OneDrive inatoa GB 5 bure, na inakuwezesha kufuta linki moja bila kugusa nyingine. Nenosiri na tarehe ya mwisho kwenye linki, kwa zote mbili, ni vya wanaolipa. MEGA inasimba faili kabla hazijaondoka kwenye kifaa chako, na linki yake ya kawaida hubeba ufunguo ndani yake. Unaweza kutuma linki kwa WhatsApp na ufunguo kwa SMS. Lakini ukipoteza nenosiri la MEGA pamoja na ufunguo wake wa kurejesha, hakuna ofisi itakayokufungulia, kwa hiyo ufunguo huo nao uende kwenye bahasha.